Kadi ya Apolinary

Tulimwacha refa Protase Kagaruki amesimama katikati ya uwanja wa Izigo, filimbi mdomoni, mkono wa kulia umezama katika mfuko wa nyuma wa kaptula. Wiki nzima mkono huo haujatoka. Wasomaji wa Bukoba mjini wamekwisha kuapa kwamba utatoka mtupu. Wa Muleba wanataka kadi nyekundu, na penalti juu yake, na ikiwezekana Apolinary ahamishwe mkoa. Haya, tutazame.

Kwa aliyechelewa kufika: ilikuwa Septemba 1992, fainali ya kombe, dakika ya themanini na sita, timu zimefungana bao moja kwa moja. Yoeli, mshambuliaji wa Omwani ya Izigo, alimpita beki wa kwanza, akampita wa pili, akabaki yeye na golikipa wa Nyota ya Ijuganyondo. Hatua moja kabla ya kuingia kumi na nane, Apolinary, nahodha wa Nyota, akamjia kwa nyuma na kumkwatua miguu yote miwili. Mpira hakuugusa. Hata kuutazama hakuutazama.

"Penalti!" Izigo nzima ilipiga kelele.

"Ni nje," alisema Protase. "Hatua moja nje."

"Nje ya wapi, refa? Mstari wenyewe umelaliwa na mbuzi!"

Hilo lilikuwa kweli. Mstari ulichorwa kwa majivu asubuhi, na mbuzi wa Izigo hawasomi sheria za mpira. Lakini Protase alikuwa ameona mguu ulipogonga. Adhabu ni mpira wa kupigwa nje ya eneo la hatari. Hapo hakuwa na shaka.

Shaka ilikuwa kwenye mifuko. Wa kifuani ulikuwa na kadi ya njano. Wa nyuma, nyekundu.

Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, msomaji, kazi ingekuwa rahisi. Unamkata mtu karibu na goli, refa anakuonya, unainamisha kichwa kama uliyetubu, mnapeana mikono, jioni mnakutana kwenye rubisi, pombe ya ndizi. Kisha wakubwa wa mpira duniani wakaandika waraka. Ulichukua miezi kumi na mmoja kufika Bukoba, ukafika kwa Kiingereza, na chama cha mpira kikatafuta mtu wa kuutafsiri kwenye semina ya waamuzi. Mtu huyo alikuwa Mwalimu Protase Kagaruki wa shule ya msingi Izigo.

"Mchezaji anayemnyima mpinzani nafasi ya wazi ya kufunga, kwa rafu," alisoma siku ile kwa sauti ya mimbarini, "atolewe nje." Akarudia, "Atolewe!" Waamuzi ishirini walimpigia makofi. Baadaye walipewa soda.

Sasa hakuna makofi wala soda. Aliyelala chini ni Yoeli, anashika mguu. Aliyesimama juu yake ni Apolinary, na Apolinary ni kaka wa Klaudia, msichana aliyeposwa na Protase.

Baba yao akina Klaudia alizikwa mwaka 1986. Kaka mkubwa, 1989. Aliyemfuata, mwaka uliofuata. Kwa hiyo ukubwa wa nyumba ile ya Ijuganyondo ulimwangukia kijana wa miaka ishirini na sita ambaye kazi aliyoijua vizuri ni kuondoa mipira kwa kichwa. Jumamosi ijayo wazee wa Protase walikuwa waende huko kupokea jibu la posa, na mdomo wa kulitoa jibu hilo ulikuwa wa Apolinary. Ratiba ilikuwa imepangwa vizuri mno, utadhani na kamati.

Protase alijiuliza yale aliyowafundisha wenzake. Yoeli alikuwa anaelekea goli, au kibendera cha kona? Goli, tena katikati. Mpira alikuwa nao, au ulikwisha kumkimbia? Alikuwa nao. Umbali? Hatua ishirini, na golikipa kwa macho ya Protase alikuwa amekwisha kuanza kusali.

Likabaki swali moja. Je, kulikuwa na beki mwingine wa kuweza kumfikia? Protase alikuwa nyuma ya wachezaji. Upande wa kushoto hakuuona. Kama beki wa kushoto alikuwa karibu, basi nafasi haikuwa ya wazi, kadi ni njano, na Jumamosi wazee wanakwenda wakiimba.

Msomaji, usijifanye mtakatifu. Hata wewe ungemwombea beki wa kushoto awe karibu.

Akauacha mfuko, akakimbia hadi kwa mshika kibendera.

Mshika kibendera alikuwa Rasiklal, miaka hamsini na minane, mzaliwa wa Bukoba, mwenye duka la nguo. Zamani aliuza jezi na vitambaa vya harusi. Siku hizi alikata zaidi ile bafta nyeupe ya kuzikia, biashara pekee mkoani ambayo haikuhitaji tangazo, naye alikuwa ameichukia kuliko walivyoichukia wateja wake. Jumapili alikimbia na kibendera pembeni mwa uwanja ili walau siku moja asishike mkasi.

"Mzee, beki wa kushoto alikuwa wapi?"

Rasiklal alimtazama kwanza. "Mwalimu, unauliza nilichoona, au unauliza unachotaka?"

"Ulichoona."

"Beki wa kushoto alikuwa kule kwenye migomba, anarudi na maji. Nilimwona akifuta mdomo." Akashusha kibendera. "Mbele ya Yoeli kulikuwa na golikipa tu. Pole sana, mwalimu. Na mimi nilitaka kuja harusini."

Kabla Protase hajageuka, kamisaa wa mechi alikuwa amekwisha kuingia uwanjani kwa viatu vya mjini. Bwana Karugendo alikuwa pia mwenyekiti wa kamati ya kuchagua timu ya mkoa, na mjumbe wa kamati ya maafa, na ya mazishi, na ya kusimamia kamati nyingine.

"Kagaruki! Njano!" alisema kwa meno yaliyobanwa. "Kijana huyu ndiye nahodha wangu wa mkoa. Nyekundu ni kufungiwa mechi tatu. Mashindano ni mwezi ujao! Unataka niende Mwanza na nani? Na wewe?"

"Bwana mwenyekiti, sheria hairuhusu kamisaa kuingia uwanjani."

"Sheria gani?"

"Ile uliyoisifu ulipofunga semina."

Karugendo alitoka uwanjani akiwa na rangi ambayo ingeweza kutumika kama kadi.

Protase akarudi kwa Apolinary. Wachezaji wa Nyota walimzunguka, mmoja anambembeleza kwa Kihaya, mwingine anamkumbusha kwamba yeye ni shemeji mtarajiwa, wa tatu anamtajia mama yake mzazi kwa namna isiyofaa gazetini. Apolinary peke yake hakubisha. Alisogea mpaka masikio yakakaribiana.

"Mwalimu," alinong'ona, "toa nyekundu."

Protase alidhani amesikia vibaya. "Unasemaje?"

Akaongeza neno la heshima la Kihaya: "Nyekundu, waitu. Nakuomba. Usinihurumie."

Refa akachukulia kwamba anachokozwa. Mtu anayekuwekea jibu la posa mfukoni mwake na kukuambia "toa nyekundu" anakuambia "thubutu." Damu ikampanda. Mkono ukaingia mfuko wa nyuma, na safari hii ukatoka, na kadi ikapanda juu mpaka watu waliokaa juu ya mibuni wakaiona.

Upande wa Izigo ulilipuka kwa shangwe. Upande wa Ijuganyondo ulilipuka kwa matusi.

Na Apolinary? Alivua kitambaa cha unahodha, akamkabidhi mwenzake, akamwambia refa, "Asante, mwalimu." Kisha akatoka uwanjani kwa mwendo wa haraka, kama mtu aliyeruhusiwa hospitali.

Msomaji, umewahi kuona beki aliyelimwa kadi nyekundu akashukuru? Protase naye hakuwahi.

Mpira uliobaki hauna haja ya kusimuliwa. Yoeli aliusimamisha mwenyewe, akapima, akapuliza pumzi, akapiga ukuta wa mabeki. Dakika nne baadaye filimbi ya mwisho ikalia, bao moja kwa moja, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa amefikiria kitakachofuata, kamati iliamua kwa hekima kwamba kombe likae Izigo miezi sita na Ijuganyondo miezi sita. Izigo wakamtukana Protase kwa kuwanyima penalti. Ijuganyondo wakamtukana kwa kuwanyima nahodha. Kwa mara ya kwanza tangu mashindano yaanze, pande mbili zilikubaliana jambo.

Saa kumi na moja jioni alikuwa katika ofisi ya walimu, fomu ya ripoti mezani. Alikuwa ameandika jina lake na tarehe. Ukutani palikuwa na picha ya Omwani ya mwaka 1985: vijana kumi na wanne wamekunja mikono, vifua mbele. Kati yao watano ndio waliokuwa bado wanakula ugali. Wengine, kwa mujibu wa mahubiri ya mazishi, walikufa kwa malaria, kwa kifua, kwa tumbo, kwa kurogwa, na mmoja kwa "kuugua ghafla" kulikochukua miaka miwili. Ule ugonjwa wenyewe zamani uliitwa Juliana, kwa jina la shati lililotoka Uganda. Siku hizi uliitwa Ukimwi redioni, na nyumbani haukuitwa kabisa.

Mlango ukafunguliwa. Karugendo.

"Ta Kagaruki," alisema, akimwita kwa heshima ya Kihaya, safari hii sauti ya asali. Akavuta kiti. "Wewe ni mtu msomi. Tuongee kisomi. Andika kwamba ulikosea."

"Sikukosea."

"Nani kasema ulikosea? Nimesema uandike. Andika kwamba beki wa kushoto alikuwa karibu, hukumwona kwa sababu ya vumbi. Kamati inakaa Jumatano, inafuta kadi, kijana anasafiri. Wewe utapumzishwa uamuzi mwaka mmoja. Mapumziko tu! Unaoa, una shamba la kahawa, unataka nini na filimbi?"

"Na nikiandika ukweli?"

Karugendo alitoa karatasi mfukoni, akaiweka mezani kwa kuudhika. "Basi nitalazimika kukupeleka Mwanza. Wakubwa wanataka kila mkoa ulete refa mmoja, na leo mgeni wao mmoja alikuwa jukwaani. Kasema hajaona refa jasiri kama wewe kanda nzima ya Ziwa. Mjinga kweli. Soma mwenyewe."

Protase alisoma. Tarehe za mashindano. Malazi. Wachezaji kumi na wanane, kocha mmoja, refa mmoja. Na chini kabisa, mstari mmoja uliochapwa kwa mashine yenye herufi "a" mbovu: wote watakaosafiri watapimwa afya, pamoja na damu, na majibu yatapelekwa kwa viongozi wa mkoa.

Akausoma mara mbili.

"Wachezaji wanajua hili?"

"Niliwatangazia Jumatano. Jambo dogo. Tone moja."

"Na wewe utapima, bwana mwenyekiti?"

"Mimi?" Karugendo alicheka kwa mshangao wa kweli. "Mimi ni kiongozi."

Alipotoka, Protase alibaki ameitazama ile karatasi. Jumatano waliambiwa. Jumapili Apolinary, beki mwenye heshima zake, ambaye kwa miaka mitano hakuwahi kupata hata njano, anamkata mtu kwa nyuma bila kuutazama mpira. Toa nyekundu, waitu. Usinihurumie.

Hakuwa akimchokoza. Alikuwa anakimbia sindano.

Na kadi ambayo Protase aliitoa kwa kifua mbele, akijiona shujaa wa sheria, ilikuwa ndiyo zawadi mtuhumiwa aliyoiomba kwa mdomo wake. Refa jasiri kanda nzima ya Ziwa!

Angalau hapo angeweza kucheka. Lakini mstari ule ulisema "wote", na refa alikuwa mmoja wa wote.

Maana kabla ya Klaudia alikuwepo Kokubanza. Msichana wa Izigo, aliyejifunza cherehani Bukoba, mchumba wa Protase alipokuwa chuo cha ualimu. Alizikwa mwaka 1988 akiwa na uzito wa mtoto wa darasa la tatu. Kifua, walisema. Miaka minne Protase alikuwa akijikagua mbele ya kioo kila asubuhi, ulimi, shingo, ngozi ya mgongo kadiri macho yalivyofika, kisha anavaa shati na kwenda kufundisha hesabu.

Akaitazama fomu. Akiandika ukweli, Apolinary anafungiwa, hasafiri, hapimwi, na yeye Protase anasafiri na anapimwa. Akiandika uongo, yeye anapumzishwa, anabaki na kioo chake, na Apolinary anapelekwa kwenye sindano. Mstari mmoja tu wa wino. Kalamu ilikuwa nzito kama jembe.

"Vumbi," alijisemea, kujaribu linavyosikika. Uwanjani kweli kulikuwa na vumbi.

"Vumbi gani?"

Klaudia alikuwa mlangoni, khanga kiunoni, viatu mkononi. Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka uwanjani, na uso wake haukuwa wa kuleta pongezi.

"Umemtoa kaka yangu mbele ya watu elfu."

"Nimemtoa."

"Angekuwa mtu mwingine?"

"Ningemtoa vilevile."

"Basi hilo limekwisha." Akaketi kwenye kiti alichoacha Karugendo. "Sasa niambie lile ambalo halijaisha. Apolinary nimemkuta nyuma ya mabasi anacheka peke yake. Halafu akalia. Nikimuuliza, anasema nikuulize wewe kama kadi itafutwa. Anaomba Mungu isifutwe. Kwa nini?"

Protase aliisukuma ile karatasi upande wake. Klaudia aliisoma hadi chini, na alipofika kwenye mstari wa mwisho kidole chake kikasimama.

"Mawe!" alisema polepole, kama Mhaya anavyomwita mama akishtuka. "Siku nne hali chakula. Mimi namtengenezea ndizi na maharage, anasema anapunguza mwili kwa ajili ya mechi." Kisha akaitazama fomu, jina na tarehe, na weupe mtupu chini yake. "Na wewe? Mbona hujaandika?"

"Ninafikiri."

"Unafikiri nini? Ulikuwepo. Uliona." Macho yake yakarudi kwenye karatasi, kwenye neno refa. Klaudia hakuwa mtu wa kuelezwa jambo mara mbili. "Kokubanza alikufa kwa nini?"

"Kifua."

"Protase."

"Walisema kifua."

"Nimekuuliza wewe. Waliosema sio wanaonichumbia."

Nje, mashabiki wa Izigo walikuwa bado wanaimba kuhusu refa na mama wa refa.

"Sijui," alisema Protase mwishoni. "Nadhani ninajua. Sijathubutu kujua. Na nilikuwa nikuoe hivyohivyo, Klaudia. Bila kukuambia. Nilikuwa nitanyamaza kama watu wote."

Alitegemea ainuke, atoke, afunge mlango kwa kishindo. Lingekuwa jambo la haki kuliko yote yaliyotokea siku hiyo. Badala yake Klaudia alichukua kalamu, akaiweka mkononi mwa Protase.

"Andika kwanza. Ulichoona."

Protase akaandika. Kwamba Yoeli alikuwa anaelekea goli na mpira akiwa nao. Kwamba hapakuwa na beki mwingine wa kumfikia, na mshika kibendera alithibitisha. Kwamba mchezaji alimkwatua kwa nyuma kwa makusudi, na kadi nyekundu ilikuwa halali. Akatia sahihi. Karugendo na ampeleke Mwanza, na damu yake isemwe na viongozi wote wa mkoa kwenye chai yao ya saa nne.

"Vizuri," alisema Klaudia. "Lakini hutangoja Mwanza. Nimepita kwa kondakta wa basi la kesho asubuhi nikamwambia anishikie kiti kimoja cha kwenda hospitali. Nitamwambia avifanye vitatu. Wangu, wako, na wa Apolinary hata kama nitamfunga kamba."

"Wewe unaenda kupima nini?"

"Damu. Nataka kuolewa, sitaki kubahatisha. Hilo nililipanga kabla ya mechi yenu. Ulidhani wewe peke yako ndiye uliyeishi kabla hatujaonana?"

Kwa mara ya kwanza tangu dakika ya themanini na sita, Protase alijisikia anaweza kuvuta pumzi yote. Karibu atabasamu.

"Asiende."

Waligeuka. Apolinary alikuwa amesimama kizingitini, bado ana jezi, bado ana udongo magotini. Hakuwa anacheka tena.

"Nani asiende?" aliuliza Klaudia.

"Mwalimu. Hana haja ya kwenda." Akaingia ndani hatua moja. "Mimi nilipima Agosti, kwa siri, kwa jina la uongo. Majibu yangu ninayajua. Kwa hiyo na yake ninayajua."

"Unajuaje ya kwake, wewe? Umekuwa daktari?"

Apolinary hakumtazama dada yake. Alimtazama refa.

"Miaka ile mwalimu alipokuwa chuoni," alisema, "Kokubanza alikuwa amepanga chumba Ijuganyondo pale Bukoba, jirani na kwetu. Alikuwa na mimi."

Kalamu ilianguka, ikabingirika mpaka ukingo wa meza. Protase alisimama, na kiti chake kikapinduka nyuma yake.

Klaudia hakupiga kelele. Alipita katikati yao, akaufunga mlango wa ofisi kwa ndani, akauegemea kwa mgongo.

"Hakuna atakayetoka humu," alisema. "Kaa chini, Apolinary. Anza mwanzo."